Vingine viko wapi?

Kijana aliingia gerejini amekumbatia boksi jekundu, akaliweka juu ya meza ya spana bila hata kuuliza kama kuna nafasi.

"Mzee, nifungie hizi leo. Jumamosi natoka na wenzangu."

Fundi alifungua boksi, akatoa springi moja, akaigeuzageuza, akailinganisha kwa jicho na springi ya gari lingine iliyokuwa imelala sakafuni. Akairudisha. Akachungulia tena ndani ya boksi, akalitikisa.

"Vingine viko wapi?"

"Vingine gani tena, mzee? Ni nne, zimetimia."

"Springi zimetimia. Nauliza vingine."

Kijana alicheka akidhani anataniwa. Fundi hakucheka, na hakueleza pia, ndivyo alivyo. Dakika chache baadaye boksi lilikuwa limevuka barabara kwenda kwa fundi mwingine. Mimi beringi yangu ya gurudumu la nyuma iligoma kutoka hadi ikapelekwa kwenye presi, kwa hiyo jioni nilikuwa bado nipo pale Subaru Impreza ya yule kijana ilipopita mbele yetu imechuchumaa, matairi yamejaa ndani ya matao.

Ilipendeza. Nisiseme uongo.

Kwenye simu yangu kulikuwa na picha ya springi fupi za kushushia gari, aina ileile, na nilikuwa nimeshaulizia bei. Swali halikuelekezwa kwangu, lakini mimi ndiye niliyeondoka nalo.

## Huyu anataka hela tu?

Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la heshima. Sote tunamjua fundi wa namna ile: unampelekea gari abadilishe oili, anafungua boneti, anashika kiuno, na ukitoka pale una orodha ya magonjwa saba na namba ya simu ya muuza spea ambaye, kwa bahati nzuri, ni shemeji yake.

Ila hesabu haikukaa. Huyu alikuwa amewekewa kazi mezani, ujira wa nusu siku, akauacha uvuke barabara. Hakutaja duka. Hakuandika orodha. Mwenye kutaka hela angefunga zile springi, akasubiri mengine yaharibike, kisha akalipwa tena kwa hayo.

Yeye ni mtu wa Busia, mimi ni wa Malaba, kwa hiyo pale Ndeeba, Kampala, ambako gereji nzima inaongea Luganda, sisi wawili tunasemezana kwa Kiswahili. Hiyo ina faida zake, kwani anaweza kuniambia jambo bila kulazimika kulieleza benchi zima. Nilipopita tena nikamuuliza, "Mzee wangu, vile vingine ulivyomuulizia yule kijana ni vipi hasa?"

Hakuinua hata kichwa.

"Ingia chini ya gari lako, uangalie mkono."

## Kwanza, tunashusha kwa nini

Kuna swali ambalo wapenzi wa magari hulijibu kwa uongo kidogo, na ni bora tulimalize mapema. Tunashusha gari kwa sababu linapendeza. Ile nafasi kati ya tairi na tao la bodi, inayoingia ngumi nzima, inatukera macho. Sababu nyingine huja baadaye, mke akishauliza.

Sababu hizo nyingine zina ukweli, ila ni mdogo kuliko tunavyosimuliana. Gari likikata kona, uzito unahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje, na kiasi kinachohama kinategemea kitovu cha uzito kiko juu kiasi gani na magurudumu yamepanuana kiasi gani. Chukua gari ambalo kitovu chake kiko sentimita 50 kutoka ardhini. Ukilishusha sentimita 3, umepunguza uzito unaohama kwa asilimia 6. Kwa anayetafuta nukta za sekunde kwenye lami ya mashindano, hicho ni kitu. Kwa anayetafuta pa kupenya kwenye foleni ya Kibuye saa kumi na moja jioni, mmh.

Tena Subaru ilishaanza na faida. Injini yake ya boksa imelala, silinda zimetazama kushoto na kulia, na sehemu kubwa ya uzito wake iko chini tangu kiwandani.

Halafu kuna kichekesho kinachotuhusu sisi wenyewe. Mapenzi ya Uganda kwa Impreza yalizaliwa kwenye murram, zile barabara za changarawe. Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995 akiwa na Impreza, na miaka minne baadaye, 1999, Charles Muhangi akatuletea ubingwa wa Afrika. Gari la rali ya murram husimama juu, magurudumu yake yana nafasi kubwa ya kupanda na kushuka. Timu hiyohiyo ikienda kushindana kwenye lami inalishusha gari, lakini inabadilisha mfumo wa chini kama seti moja. Sisi tunabandika ukutani picha ya gari la murram, tunanunua mkao wa gari la lami, tena robo yake tu, kisha tunakwenda kupanda nao matuta.

## Mkono

Jeki haifai kwa kazi hii. Ukiliinua gari, magurudumu yananing'inia na kila kitu kinasema uongo. Niliingia kwenye shimo la gereji, gari likiwa limesimama kwa miguu yake.

Mkono aliousema ni kontroli amu, ule wa chini, unaoanzia kwenye fremu jirani na injini na kuishia gurudumuni, upande wa chini, kwenye bolijointi, kile kiungo chenye kichwa cha mviringo. Kwenye gari langu, ambalo halijaguswa, umeinama kidogo, yaani ncha ya gurudumuni iko chini kuliko ncha ya kwenye fremu. Siku hiyo kulikuwa na Impreza ya mteja mwingine iliyoshushwa, na fundi akanionyesha na hiyo. Pale mkono ulikuwa umeinuka. Ncha ya gurudumuni ilikuwa juu.

Ni hilo tu. Nilitoka shimoni nikiwa na nywele zenye grisi na bila jibu.

Usiku nikachora. Impreza ina mfumo wa MacPherson mbele, yaani shokapu na springi zimeungana kuwa nguzo moja inayoshika gurudumu, na kizazi kilichokoma mwaka 2007 kina shokapu za mtindo huo hata nyuma. Kwenye karatasi unachora mstari unaofuata mkono wa chini. Unachora mwingine unaoanzia kilele cha shokapu, ukikatana na shokapu kwa pembe mraba. Mistari hiyo ikikutana, kutoka hapo unavuta mstari wa tatu hadi pale tairi linapogusa lami. Mahali mstari wa tatu unapokata katikati ya gari ndipo panapoitwa roli senta. Bodi ikilala kwenye kona, inalala kwa kuizunguka nukta hiyo.

Sasa shusha gari kwenye mchoro. Bodi inashuka sentimita 3. Roli senta inashuka zaidi ya hizo, kwa sababu pembe ya mkono imebadilika na makutano ya mistari yamekimbilia mbali. Ukizidisha kushusha, roli senta inazama chini ya lami.

Nilidhani nimekosea rula, nikachora upya.

Kinacholaza gari kwenye kona ni umbali kati ya kitovu cha uzito na roli senta. Huo ndio wenzo. Kitovu kimeshuka kidogo, roli senta imeshuka sana, wenzo umerefuka. Gari ulilolishusha ili lisilale, sasa lina hamu zaidi ya kulala.

Springi ngumu zinalificha jambo hili. Watengenezaji wanalijua, na hiyo ni sababu mojawapo ya springi fupi kufanywa ngumu kuliko za kiwandani. Ila sehemu ya ugumu ulioulipia inakwenda kulipa deni lililoletwa na ufupi wake.

Tairi nalo linapata mateso yake. Mkono ukishapita usawa, kila gurudumu linapopanda zaidi, bolijointi inarudi ndani badala ya kusukumwa nje, na kichwa cha tairi kinaegemea nje wakati ambapo ungetaka kiegemee ndani. Barabara ikinyooka, gari lililoshushwa linatembea kwa ukingo wa ndani wa tairi. Ikipinda, linakimbilia ukingo wa nje.

Hapo ndipo nilipoacha kumshuku fundi.

## Kitu kinaita kitu

Dawa ya mkono ulioinuka inajulikana. Ni bolijointi yenye pini ndefu. Inasukuma ncha ya mkono chini, mkono unarudi kuinama, roli senta inapanda. Whiteline wa Australia wanatengeneza za Impreza, na wako wengine. Nikaona nimefumbua fumbo: "vingine" ni bolijointi. Nikampelekea fundi jibu langu kwa furaha.

"Haya, umefunga bolijointi," akasema. "Tairodi umeiacha na nani?"

Tairodi ni fimbo inayotoka kwenye raki ya usukani kwenda gurudumuni. Inapanda na kushuka pamoja na mkono wa chini, na wahandisi wamezipanga mbili hizo ili njia zao zielewane. Ukiinamisha mkono na kuiacha tairodi na pembe yake, kila gurudumu linapopanda kwenye tuta, tairodi inalivuta au kulisukuma kuliko inavyostahili, na gurudumu linajigeuza. Umeshika usukani umenyooka, gari linachagua njia. Wenye kazi wanaiita bampu stia. Ulaya huenda dereva akakutana nayo mara mojamoja. Kwenye barabara yenye shimo kushoto na kiraka kulia, unakutana nayo kila mita.

Ndiyo maana bolijointi ndefu huuzwa pamoja na tairodi endi zenye pini ndefu, kifurushi kimoja. Ukimpata anayekuuzia nusu ya kifurushi kwa bei ya kirafiki, mshukuru uende zako. Kisha ncha ya mkono ikishasukumwa chini, inasogelea ukingo wa ndani wa rimu, na kama rimu ni ndogo huenda vikagusana. Bolijointi imeita tairodi, nayo safari ikaendelea hadi kwenye rimu.

Baada ya hapo inakuja kemba, yaani kiasi cha tairi kuinamia ndani au nje. Mbele tuna bahati: bolti ya juu inayoshika shokapu na nakuli, kile chuma kinachobeba gurudumu, inaweza kuzungushwa kurekebisha kemba, tangu kiwandani. Nyuma, kwenye kizazi hicho, haipo. Gari likishuka, tairi la nyuma linainamia ndani na kubaki hivyo mpaka ununue bolti maalumu au mikono ya nyuma inayorefushwa.

Hapa nitatofautiana na wauza spea. Kemba peke yake haimalizi tairi kwa kasi inayosimuliwa. Muuaji ni tou, ule mwelekeo wa matairi kutazamana au kupeana mgongo kwa mbele. Gari likishuka, tou inabadilika, na tairi linakuwa linajiburuza kidogo muda wote huku kemba ikiupeleka msuguano wote ukingo wa ndani. Utalikuta limeisha hadi waya upande usiouona, ilhali kwa nje lina meno kama jipya. Kwa hiyo bolti za kemba zinaweza kusubiri mshahara ujao. Alaimenti, yaani kupanga upya pembe za magurudumu, haisubiri, na ifanyike springi zikishakaa, si saa ileile zinapofungwa.

Stabilaiza ni fimbo inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili bodi isilale sana. Linki zake, zile zinazorefushwa na kufupishwa, zinarudisha fimbo hiyo kwenye pembe yake na kukuwezesha kuifunga bila kuibana. Ni nzuri. Ningeziweka mwisho.

Ya taa ndiyo iliyonichekesha. Magari mengi yenye taa za xenon zinazojipanga zenyewe yana kifimbo kidogo kilichofungwa kwenye mkono wa nyuma. Nyuma ya gari ikishuka, kompyuta inaelewa kwamba buti limejaa mzigo, na inainamisha taa ili zisiwaumize macho wanaokuja mbele. Shusha gari kwa springi, na kompyuta itaamini umebeba mkaa wa Nakasongola maisha yako yote. Taa zitamulika hatua chache mbele ya bampa, na wewe uko njia ya Masaka usiku. Dawa yake ni kukirekebisha kile kifimbo, kazi ya dakika chache kwa anayejua kwamba kipo.

## Bushi

Hakuna anayepiga picha ya bushi, ile raba ya kwenye maungio ya mkono, na kuituma kwenye kundi la WhatsApp. Lakini hizi ndizo zilizonibadilisha mawazo kuliko roli senta na michoro yake.

Impreza za kizazi ninachokizungumzia ziliisha kutengenezwa 2007. Sheria iliyobadilishwa 2018 inazuia kuingiza nchini gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi. Maana yake, zilizopo hapa ndizo hizo tulizonazo, na kama raba zake hazijabadilishwa, ni raba zilizozeeka pamoja na chuma.

Bushi ya raba haizunguki juu ya bolti yake. Bomba la ndani limebanwa na bolti, la nje limekaa ndani ya mkono, na raba katikati imegandishwa kwa yote mawili. Mkono ukipanda au kushuka, raba inajisokota, kisha inajisokotoa. Kiwandani bolti zile hukazwa gari likiwa kwenye kimo chake, ili raba ipumzike hapo. Ukishusha gari bila kulegeza bolti, kila bushi inabaki imesokotwa usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Inaanza kupasuka. Na kwa kuwa raba iliyosokotwa ni springi nayo, inaongeza ugumu wake wa kienyeji ambao hakuna aliyeupigia hesabu.

Dawa yake haiuzwi dukani. Unalegeza bolti za ndani, unaliteremsha gari lisimame kwa magurudumu, unalitikisa, kisha unaingia shimoni na kukaza ukiwa chini yake. Ni kazi ngumu, spana haina nafasi ya kuzunguka, na mteja haoni tofauti. Fundi mwenye haraka anakaza gari likiwa bado juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, na hivyo analiacha baya kuliko ambavyo angeliacha bila kuligusa.

Boksi la yule kijana lisingeweza kubeba kitu hiki, hata lingekuwa na ukubwa gani.

## Magari mawili, njia moja

Nilitaka kuhisi, si kuchora tu. Rafiki yangu ana Impreza yenye springi fupi pekee. Jamaa yake ana nyingine iliyofungwa kifurushi kizima pamoja na shokapu mpya. Nikapanda zote mbili, njia moja, barabara ya kasi ya Entebbe na kurudi kwa barabara ya zamani.

Barabara ya kasi, zile kilomita 51 ukihesabu na tawi la Munyonyo, ni mahali pa hatari kwa mtu mwenye mashaka kama yangu. Unalipa shilingi 5,000 getini, lami imenyooka, na gari lenye springi pekee linakuwa tamu. Limetulia, limeng'ang'ania chini, rafiki yangu anatabasamu. Mashaka yangu juu ya fundi yakafufuka yote. Labda mzee ni mtu wa zamani tu, nikawaza. Labda haya ya wenzo ni ya kwenye karatasi.

Tulitokea Kajjansi.

Kwenye mzunguko wa kushuka gari lilianza vizuri, kisha katikati likajilaza ghafla, na usukani ukawa mwepesi kidogo mkononi mwa rafiki yangu, nilimwona akiurekebisha. Ikafuata barabara ya zamani na viraka vyake. Kila kiraka usukani ulisema jambo. Kwenye tuta la kwanza tulisikia tok, kavu, kutoka mbele. Rafiki yangu akaongeza sauti ya redio.

Gari la pili lilikuwa juu kidogo kuliko la kwanza. Niliona kwa macho, na nilikuwa tayari kulidharau. Mzunguko uleule lililala mara moja, likatulia hapo, likatoka. Viraka vilisikika makalioni, si mikononi.

Ushahidi wangu una doa, najua: shokapu mpya zinaweza kuwa zimefanya nusu ya muujiza. Springi ngumu inarudi kwa nguvu zaidi, na shokapu iliyopangwa kwa springi laini, tena imechoka, haiwezi kuishika. Ila hata hilo linarudi palepale, kwa sababu shokapu nayo ni mojawapo ya vingine.

## Kisichouzwa

Tuseme umenunua vyote. Pembe zimerudi, mkono umeinama, tairodi inafuata, tairi limesimama. Bado kuna kitu kimoja ambacho hakijarudi: nafasi ya gurudumu kupanda.

Tuseme gurudumu lilikuwa na sentimita 8 za kupanda kabla ya kufika kwenye bampu-stopu, ile raba iliyo kwenye fimbo ya shokapu. Umeshusha gari sentimita 4. Zimebaki 4. Springi inayotakiwa kumeza kishindo kilekile ndani ya nusu ya nafasi haitoshi kuwa ngumu mara mbili; inatakiwa iwe ngumu mara nne, kwa kuwa nishati inayomezwa na springi inakua kwa mraba wa umbali iliobanwa. Springi fupi za dukani haziko karibu na mara nne. Zingekuwa hivyo, ungeendesha umeshika meno. Kinachozidi kinabebwa na bampu-stopu, kisha shokapu yenyewe, kisha mnara wa bodi ambao shokapu imefungwa.

Kuna springi ambazo mtengenezaji wake mwenyewe anaelekeza ukate kipande cha bampu-stopu, na anataja kiasi. Sawa. Lakini kukata kwa kukadiria, au kuitupa kabisa, ni jambo jingine. Raba ile ni springi ya pili, laini mwanzoni na ngumu mwishoni, iliyowekwa hapo ili chuma kisikutane na chuma.

Niliuliza kuhusu koilova, shokapu zinazokuja na springi zake, zile zinazofupishwa kutokea chini. Unazungusha kikombe cha chini na shokapu nzima inafupika, bila kula nafasi ya fimbo. Zinasaidia kweli, na kama pesa ingekuwa si tatizo ningeishia hapo. Halafu tairi linapanda vizuri kabisa mpaka linakutana na tao la bodi, au ekseli inafika pembe isiyoipenda. Ukuta umesogea, haujaondoka.

Nilikaa na hili muda mrefu kuliko mengine. Wiki zote hizo nilikuwa naanzia kwenye kimo ninachokitaka, kisha nahesabu spea za kukifikia. Matuta ya mtaani kwangu hayakuwa kwenye hesabu popote.

## Zipu tai

Kujua nafasi uliyonayo kunagharimu zipu tai moja, ule mkanda wa plastiki wa kufungia nyaya, kwa kila shokapu. Unavuta juu kifuniko cha raba cha shokapu, unaifunga zipu tai kwenye ile fimbo inayong'aa, imebana kiasi cha kuteleza ikisukumwa, unaishusha hadi iguse mwili wa shokapu. Kisha unaendesha. Kila shokapu inapobanwa, mwili wake unaisukuma zipu tai juu, na inabaki pale juu kabisa ilipofikishwa. (Wenye STI, lile toleo kali la Impreza, lenye shokapu zilizopinduliwa, fimbo yenu imefichwa ndani. Poleni.)

Sikwenda barabara ya kasi. Nilipita njia zangu za kawaida, matuta ya mtaani, rasta za mbele ya shule, shimo la pale kona ambalo kila mwezi linazibwa na kila mwezi linarudi. Familia ndani, na buti lina mahindi ya shangazi.

Mbele, zipu tai ilibakisha vidole viwili vyembamba kabla ya bampu-stopu. Nyuma ilikuwa imeshaigusa.

Hii ni kwa kimo cha kiwandani.

Nilimwonyesha fundi picha. Alizikuza kwa vidole, akatazama ya nyuma kwa muda, akauliza kama shokapu zile ni za asili. Nikamwambia ni za asili. Akasema hizo ndizo tuanze nazo, na bushi za mikono ya chini, na kwamba nikitaka kushusha, nishushe kidogo, sentimita moja na nusu hadi mbili, mkono usifike usawa. Kwa kimo hicho, akasema, bolijointi ndefu sina haja nazo, wala tairodi, wala mikono ya nyuma. Alaimenti tu, na kukaza bolti shimoni.

Orodha niliyokuwa nimeijenga kwa wiki kadhaa ikapungua mbele ya macho yangu, na sitaficha kwamba sehemu yangu moja ilisikitika. Nilikuwa nimeanza kuipenda.

Springi za waridi za STI zinashusha kiasi kama hicho, kidogo tu, na nimempata mtu katika soko la Kisekka anayesema anazo, ingawa picha aliyonitumia inaonyesha rangi ambayo naweza kuiita waridi nikiwa na nia njema sana. Nitakwenda na fundi tuzitazame. Shokapu za mbele nimeshazilipia. Za nyuma, mama watoto amesema, zitazungumzwa ada za muhula zikishakamilika.